Mashine Nimenunua Mimi, Adabu Nunueni Ninyi

Tangu nianze kuvaa mashine za masikio, watu wa nyumbani kwangu wameacha kabisa kunifuata nilipo. Mtu yuko jikoni, bomba linamwaga maji, sufuria zinagongana, mgongo kanipa, na bado anataka nimjibu mimi niliyekaa barazani. Nikinyamaza anatoka na mwiko mkononi: “Kwani hujavaa mashine zako?” Nimezivaa, zote mbili. Zimesikia bomba, zimesikia sufuria, zimemsikia hata kunguru aliyetua juu ya bati. Ni wewe tu uliyeona taabu kuvuka korido.

Watu wamejijengea imani kwamba kifaa hiki kinarudisha masikio ya ujana. Hakirudishi kitu. Ndani yake mna kipaza sauti kidogo kinachopokea sauti, kompyuta ndogo zaidi inayoamua ipi ipandishwe na kwa kiasi gani, na spika inayoimimina sikioni. Basi. Sikio lenyewe ni lile lile lililochoka. Za kisasa zinajitahidi kupunguza makelele na kusikiliza zaidi upande unaotazama, lakini aliyezitengeneza hakujua kwamba mazungumzo muhimu ya nyumba hii hufanyika nyuma ya mlango.

Kosa la pili ni kudhani kwamba asiyesikia vizuri amepungukiwa na sauti zote sawasawa. Ndani kabisa ya sikio mna kijumba kilichojikunja chenye maelfu ya seli zenye vinyweleo, na kila kundi lina sauti zake. Seli za sauti nyembamba zimekaa mlangoni, na ndizo zinazotangulia kufa, kwa umri au kwa kelele. Zikifa zimekufa; kwa binadamu hazioti tena. Za sauti nene, kule ndani, huendelea na kazi kwa muda mrefu. Sasa sikiliza maneno yetu yalivyokaa. Irabu ni nene na zina nguvu, nazipata zote bila taabu. Ila s, t, f na sh ni nyembamba na hafifu, na hizo ndizo zilizobeba maana.

Twende nazo soko la Feri asubuhi, mnada wa samaki umechangamka, muuzaji anakutajia bei ya fungu la changu: “Elfu tisa!” Kilichonifikia mimi ni “i” na “a”. Inaweza kuwa tisa, inaweza kuwa sita. Irabu ni zile zile, konsonanti ni zile zile, zimebadilishana viti tu. Namhesabia elfu sita. Anaguna, “Aa, mzee!”, kisha anapaza sauti, yaani ananiongezea “i” na “a”. Namsogezea tena sita zangu kwa upole. Mwishowe anakata tamaa anazichukua, na leo pale sokoni nina sifa ya kubana bei ambayo sikuitolea jasho. Hasara huja kwenye vikao vya harusi, kwa sababu sitini na tisini nazo ni mapacha. Nikiulizwa kama ahadi yangu ni hiyo iliyotajwa, naitikia kwa kichwa. Katibu wa kamati, kwa sababu anazozijua mwenyewe, huandika tisini.

Kabla ya mashine nilipitia hospitali za mtaani. Jirani mmoja alileta unyoya wa kuku, mwingine njiti ya kiberiti, wa tatu mafuta ya kitunguu saumu yaliyopashwa moto. Ni kweli nta ikijaa inaweza kuziba sikio, ndiyo maana mtaalamu huanza kwa kuchungulia kwanza. Lakini njiti haitoi nta. Inaisindilia ndani, na ikiteleza inatoboa ngoma ya sikio. Na huyo huyo wa njiti, mtoto wake anatokwa usaha sikioni wiki nzima na anaambiwa utakauka wenyewe. Masikio ya watoto yanaharibika hivyo hivyo, kwa ugonjwa unaotibika.

Nikaenda kupimwa. Unaingizwa kwenye chumba kisichopitisha sauti, unavalishwa vipokea sauti, unapewa kitufe. “Baba, ukisikia mlio wowote, hata wa mbali, bonyeza,” akasema binti mtaalamu. Nikabonyeza. Milio ikazidi kwenda mbali, nikabonyeza kwa imani. Alipomaliza akanionyesha mchoro: miduara myekundu ya sikio la kulia, alama za kukata za buluu za kushoto, na mistari yote miwili imeanza vizuri upande wa sauti nene, kisha imeporomoka kama lori lililokatika breki kwenye mteremko wa Kitonga. “Ndiyo maana baba unasikia lakini huelewi,” akasema. Hali hiyo nyumbani kwangu miaka yote ilikuwa inaitwa kiburi.

Aliponieleza kwamba sauti za watoto na wanawake ndizo mara nyingi hutangulia kupotea, nilimwomba aniandikie na kunigongea mhuri. Karatasi nikaifikisha nyumbani nikiwa mshindi. Mama watoto akaisoma, akaikunja, akasema neno. Sikulisikia.

Bei ya mashine sitaitaja hapa, maana mama watoto anasoma safu hii. Nitasema tu kwamba mtu anayetoa pesa kiasi kile angetegemea kukabidhiwa na kadi ya gari. Wiki za mwanzo unatamani uzirudishe. Friji ambalo lilikuwa kimya miaka mingi, kumbe linanguruma. Karatasi ya biskuti inapiga kelele. Nikitafuna karanga najisikia mwenyewe kichwani, na sauti yangu inatoka mtungini. Ubongo uliozoea kimya unahitaji wiki kadhaa, pengine miezi, kujifunza tena kipi cha kusikiliza na kipi cha kupuuza, na njia ni kuzivaa kila siku, siyo kuziweka kabatini zisubiri sherehe. Kabatini ndiko zinakoishia nyingi, na wenyewe hutangaza kwamba “hazifai”.

Halafu kuna betri. Zangu huja sita kwenye kadi moja, kila moja imezibwa na kibandiko cha rangi ya chungwa. Zinatumia hewa: ukibandua, hewa inaingia, betri inaamka, na ikishaamka hailali tena hata ukirudishia kibandiko. Mjukuu wangu alipenda sana rangi ile. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, ameyapamba madaftari yake yote kwa vibandiko, na betri zangu za mwezi zimepangwa mstari mbele yake, ziko macho, zinakufa pamoja. “Babu, nimekufungulia,” akaniambia. Hilo nililisikia vizuri.

Na mashine isipokaa sawasawa sikioni, au ikikumbatiwa, sauti inayovuja inarudi kwenye kipaza sauti na kitu kinapiga mluzi. Msibani kila mtu anakukumbatia. Shekhe ameanza dua, watu wameinamisha vichwa, shemeji ananibana shingoni: “Piiii!” Waombolezaji wote wakaanza kupekua mifuko kuzima simu zao. Nami nikapekua wangu, nikamtazama kijana aliyekaa karibu kwa jicho la kumlaumu. Jasho la Dar nalo ni adui wa vitu hivi. Usiku nazilaza kwenye kichupa chenye dawa ya kunyonya unyevu, zinalala pakavu kuliko mimi.

Yote hayo nayavumilia. Nisiowavumilia ni wale wanaoinama hadi usoni na kufoka: “SHIKAMOO BABU!” Marahaba, na mtaa wa pili wamekuitikia. Sikio lililochoka lina balaa lake: sauti ndogo hailifikii, lakini sauti kubwa inaliumiza vile vile kama zamani. Nafasi iliyobaki kati ya “sikusikii” na “unaniumiza” ni finyu, nawe umeiruka yote kwa mkupuo. Isitoshe, ukipiga kelele zinazopanda ni irabu, ambazo ninazo tele, na mdomo unaupindua hata siwezi kuusoma. Maana nausoma. Nusu ya mazungumzo yangu nayapata midomoni mwenu, kwa hiyo anayezungumza huku anachokonoa meno, au ameshika tama, au amejifunika mtandio hadi puani, kwangu mimi amezima taa.

Msidhani tuko wachache. Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya 2021 lilihesabu zaidi ya watu bilioni 1.5 wenye upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na milioni 430 kati yao wanahitaji kusaidiwa. Ifikapo 2050 makadirio ni mmoja kati ya kila wanne. Hesabuni mlivyo hapo mezani. Shirika hilo hilo linasema sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, ni saa 4 tu, na inavyozidi kupanda muda unazidi kukatika. Nani atamweleza hayo mshereheshaji wa harusi? Ukumbini siku hizi vinywaji vinatetemeka kwenye glasi, na kamati, kwa heshima kubwa, imeiweka meza ya wazee kando ya spika, eti wasikie vizuri. Vijana wanacheka mashine zangu huku wamejizibia masikio kwa muziki ambao mimi nisiyesikia nausikia kutoka siti ya nyuma ya daladala. Waendelee. Betri nitawaelekeza zinapouzwa.

Ila jambo linalonikera kuliko bomba, betri na spika ni maneno mawili tu. Tumekaa tunakula, watu saba mezani. Mmoja anasema neno, wote wanaangua kicheko. Mwingine anaongezea, machozi yanawatoka, mama watoto kashika mbavu, mjukuu yuko chini ya meza. Nauliza kistaarabu: “Kasemaje?” Wote wananigeukia, wanatazamana, kisha mmoja, akiwa bado anajifuta machozi, ananijibu: “Aa, babu, si kitu.”

Si kitu! Watu wazima wamecheka hadi wali umewapalia, kwa jambo lisilo kitu? Mnaona uvivu kurudia sentensi moja, mnaniachia ukimya wa bure, halafu mwezi ukiisha mnalalamika kwamba mzee siku hizi amejitenga, hapendi kukaa na watu, labda ameanza kupoteza kumbukumbu. Wataalamu nao wanasema kutosikia kusikoshughulikiwa kunaongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu uzeeni, na moja ya sababu wanazozitaja ni huko kuachwa nje ya mazungumzo. Kwa hiyo msinisukumie mlangoni kisha mkaniuliza nimetokaje.

Basi nawaomba, wa nyumbani na wa nje. Ukiwa na la kuniambia, njoo mbele yangu, penye mwanga. Zima redio, toa mkono mdomoni, useme kwa sauti yako ya kawaida, pole pole kidogo. Kama sikukuelewa, usirudie maneno yale yale kwa ukali, tafuta mengine. Bei iandike. Na nikikuuliza umesemaje, rudia, hata kama ni upuuzi mtupu. Mimi mwenyewe ndiye nitakayeamua kama ni kitu au si kitu.