Mwongo Mwema wa Dashibodi

Wasemakweli wamesifiwa vya kutosha. Leo heko zimwendee mwongo mmoja mdogo, mwekundu, mwenye umbo la birika linalodondosha tone: taa ya oili inayowaka ilhali oili imejaa na presha yake haina kasoro. Nasaba yake si ya kubezwa. Baba yake ni springi, mama yake ni kiwambo chembamba, na makao yao ni swichi iliyokazwa ubavuni mwa injini, penye joto, vumbi na grisi, mahali ambapo mwenye gari haendi kwa hiari yake. Wengi wa ukoo huu walizaliwa Japan wakaingilia bandari ya Mombasa, kwa kuwa sheria ya Kenya hukubali gari lililotumika mradi umri wake haujazidi miaka 8. Ni kweli kwamba Thika huunganisha magari mapya: kiwanda kilichoanza miaka ya 1970 kwa jina la Leyland, ambacho leo ni KVM, kilianza kutoa Polo Vivo za Volkswagen mwishoni mwa 2016. Lakini simama Ruiru kando ya barabara kuu ukahesabu Probox na Vitz zinazopita. Ndani ya nyingi kati ya hizo mna swichi iliyokwisha kula chumvi, na mzee akila chumvi nyingi huanza kuropoka.

Kabla ya kumhukumu mzee huyo ni haki kuijua kazi yake. Injini ikiwa imezimwa, springi hukutanisha ncha mbili za shaba, ufunguo ukifunguliwa umeme hupita, taa huwaka. Pampu ikianza kusukuma oili, presha hukisukuma kiwambo, ncha huachana, taa huzimika. Presha inayotosha kuizima ni ndogo: katika magari mengi haifiki hata bar 0.5, yaani chini ya robo ya upepo ulio ndani ya tairi. Tazama basi unyenyekevu wake. Taa ikizimika haidai kwamba injini ina afya. Inasema tu kwamba hali haijafika kaburini. Na tazama upande inaouangukia inapokosea. Waya wake ukichubuka na kugusa bodi, taa huwaka. Kiwambo kikichoka, mara nyingi taa huwaka. Ilinganishe na geji ya mafuta, ambayo uongo wake ni wa kukubembeleza: hukuonyesha robo tangi hadi gari likakuzimikia njiani usiku. Mwongo wa kwanza anakutisha bure, wa pili anakufariji bure. Mwenye busara anajua ni yupi wa kukaa naye nyumba moja.

Fadhila yake kubwa, hata hivyo, ni kwamba huacha mlango wazi wa kukamatwa. Ikiwaka safarini, kwanza itiiwe: gari liegeshwe na injini izimwe, hata kama kufika nyumbani kumebaki vituo viwili. Subiri dakika chache oili iteremke, kisha pima kwa stiki mahali tambarare. Ikiwa imepungua, taa imesema kweli na kesi imekwisha. Ikiwa imejaa, fungua ufunguo bila kustati, halafu chomoa waya kwenye swichi. Taa ikiendelea kuwaka, waya unagusa chuma mahali fulani na swichi inasingiziwa. Ikizimika, waya hauna kosa, na washukiwa wanabaki wawili: swichi, au presha yenyewe. Hapa ndipo wengi hukata shauri kwa haraka, wakanunua swichi mpya na kuomba Mungu. Njia ya haki ni kufungua swichi, kukaza geji ya presha kwenye tundu lilelile, kisha kusoma injini ikiwa baridi, ikiwa moto, ikinguruma taratibu na ikikanyagwa, na kulinganisha na kitabu cha mtengenezaji. Mafundi wana kipimo chao cha zamani pia: psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Mshale ukitulia panapostahili, ndipo taa itakapopewa rasmi cheo cha uongo. Na ni vizuri kuona nani amepata heshima katika kesi hii. Kwenye magari mengi kama hayo ya Ruiru swichi inajua kuwasha na kuzima tu, kwa hiyo mashine ya kusoma makosa haioni presha yoyote. Fundi wa jua kali mwenye spana na geji ndiye anayetoa hukumu.

Wapo watakaopinga. Wa kwanza atakumbusha kisa cha mchungaji aliyepiga mayowe ya chui mara mbili bila chui, na siku chui alipokuja kweli hakuna aliyetoka. Atasema kwamba taa inayodanganya humzoesha dereva kupuuza. Lakini yule kijana alidanganya akijua. Swichi haijui lolote zaidi ya presha na waya. Tena waliokula hasara ni wanakijiji walioona afadhali kulala kuliko kwenda kutazama. Wa pili ataleta hoja ya msongamano: taa inametameta tu magari yanapokwama karibu na Kamakis, na barabara ikifunguka inatulia, basi ya nini kujisumbua? Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Kwenye msongamano injini ina moto, oili imekuwa nyepesi, na pampu inazunguka polepole. Ndipo presha inapokuwa chini kabisa, na ndipo beringi zilizolika huanza kuivujisha. Swichi iliyochoka na injini iliyochoka humetameta saa ileile na mahali palepale. Bila geji huwezi kuzitofautisha. Wa tatu atasema kwa mkato: ukate waya, mambo yaishe. Kweli yataisha. Taa iliyokatwa waya haitawaka tena hata oili ikimwagika yote barabarani, na hapo ndipo methali ya kimya kingi kuwa na mshindo mkuu hupata maana ya kifundi kabisa, kwa sababu mshindo wa injini inayonoki husikika kabla dereva hajajua pa kutazama. Anayenunua gari naye atazame: ufunguo ukifunguliwa na taa ya oili isiwake hata kidogo, asifurahi.

Ukizipima hoja hizo zote utaona zina kosa moja. Zinalichukua neno “uongo” kama mahali pa kuanzia, ilhali ni mahali pa kufikia. Hakuna awezaye kujua kwamba taa imedanganya isipokuwa yule aliyeichukulia kana kwamba imesema kweli: akasimama, akapima, akachomoa, akasoma geji. Mwingine yeyote anabahatisha, hata akipatia. Kwa gharama ya nusu saa na vidole vyeusi, taa hii humfundisha mtu utaratibu ambao mahakama na hospitali huusomea miaka.

Na kama sifa hizi bado hazijatosha, iko moja ya mwisho. Mara nyingi swichi hudanganya kwa sababu kiwambo chake kimepasuka. Ukichomoa plagi yake utaikuta imelowa, kwani oili imepenya hadi penye umeme na inatoka nje tone kwa tone. Leo stiki inaonyesha imejaa, geji inasoma vizuri, na taa ni mwongo aliyethibitishwa. Mpuuze miezi michache, na matone yale yatashusha oili hadi pampu ivute hewa. Siku hiyo taa ileile, mahali palepale, itakuwa inasema kweli tupu. Wazee walishasema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Walikuwa hawajaona swichi ya oili, lakini ukoo wake walikuwa wanaujua.