Ukitaka Kujitolea Wodi ya Watoto

Umeamua kujitolea kwa watoto wenye sikoseli mkoani Mara. Hongera, kazi ipo: Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, na Kanda ya Ziwa haikosi fungu lake. Anza na fulana. Iwe nyeupe, mgongoni iandikwe TABASAMU. Bila fulana mlinzi wa getini atakudhani ndugu wa mgonjwa, na ndugu husubiri saa kumi. Angalizo: ukiivaa utasubiri vilevile, ila utapewa kiti.

Ukishaingia, salimia kwanza wenye umri. Kisha uliza kila mama mtoto anaendeleaje. Anaendelea vizuri. Aliyelia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa anaendelea vizuri, na anayesubiri damu tangu jana anaendelea vizuri. Ukitaka habari kamili, muulize mama amekula nini, halafu nyamaza. Hutanyamaza. Utasema Mungu ni mwema.

Zawadi: peleka biskuti na maputo. Wodi nzima inatafuta beseni, sabuni ya kufulia na chupa ya maji ya moto, lakini hivyo havina sura kwenye picha. Soda baridi iache. Na usiwapeleke watoto kuogelea, hata kama Musoma iko kando ya ziwa na yale mawe yanakuita. Baridi huamsha maumivu: chembe nyekundu zikishabadilika umbo huziba mishipa midogo, na mtoto hukamatwa miguu, mgongo, kifua. Wanachohitaji ni maji mengi ya kunywa, yasiyo ya baridi. Najua, barafu umeshanunua.

Ukikuta ukoo wa baba umefika kutoka Bunda kumtazama mgonjwa, sikiliza tu. Utaambiwa ugonjwa umetoka upande wa mama. Ukweli ni kwamba mtoto hurithi kwa wazazi wote wawili, na mara nyingi hakuna kati yao aliyewahi kuumwa. Usitoe somo hilo mbele ya shangazi. Kampimishe damu baba kwanza, kama atakubali. Hatakubali, ana safari.

Siku daktari akiandika rufaa ya Hospitali ya Bugando, usitoe hotuba ya matumaini. Mama wa Butiama anapiga hesabu: pikipiki hadi lami, basi hadi Mwanza, chakula cha huko, na nani atabaki na wadogo. Hatakuomba kitu. Atasema "tunajipanga," na jioni baba ataanza kumtafutia mbuzi mnunuzi. Ukiwa na nauli, mpe pembeni, bila kamera. Kamera itakuwa imeshawashwa.

Kuna kazi moja tu utakayoombwa kwa mdomo: "Nishikie mtoto, nikaoge." Haina cheti wala semina. Mama akishika tu mlango mtoto atakutazama kwa macho yake ya njano, ataona si wewe anayemtaka, atapiga kelele hadi wodi ya pili. Mshike hivyo hivyo. Usimwite muuguzi, usimtafutie katuni kwenye simu. Kwa mama yule, dakika 15 za maji na sabuni ni nyingi. Wengi huishia dakika ya nne.

Ukishindwa hilo pia, bado damu inahitajika. Uwe na miaka 18 hadi 65, uzito usipungue kilo 50. Mwanamume huchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya 4. Njoo umekula.