Mmejitahidi

Mume wangu hamwamini fundi yeyote aliye hai. Ukimuuliza sababu, atakusimulia habari ya fundi kochi aliyechukua pesa ya kuanzia, akapima sebule kwa futi kamba, akaandika vipimo juu ya pakiti ya sigara, akaisahau pakiti juu ya meza, kisha akazima simu mpaka leo. Pakiti tumeihifadhi. Vipimo tunavyo, kochi hatuna.

Basi tulipohamia Tabata, kwenye chumba, sebule na jiko, nilijua kwamba kila kitu humo ndani kitapita mikononi mwake. Mimi nami nilikuwa na langu. Nimelelewa Tanga na bibi aliyekuwa akiuza kashata na visheti barazani, na nilikuwa nimeapa kwamba hakuna mgeni atakayekaribishwa kwangu kwa biskuti za pakiti. Ndoa ilikuwa changa, kodi ya miezi sita tumeilipa kwa mkupuo, mfukoni hamna kitu, na simu zote mbili zina bando. Watu wanaogopa wezi, lakini mimi nakwambia nyumba yenye hali hiyo ndiyo ya kuogopwa.

Tuanze na ukuta. Siku mwenye nyumba alipotuonyesha sebule, alisimama kwenye kona moja, mgongo kaupa ukuta, na hakusogea hata hatua mpaka tuliposaini mkataba. Alipogeuka kuondoka, koti lake lilikuwa jeupe mgongoni kote. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, rangi ilikuwa imebanduka magamba magamba, na chini yake kulikuwa na unga mweupe, laini, ambao ukiuonja ni chumvi. Najua ni chumvi kwa sababu mume wangu aliuonja.

Wakazi wa Dar es Salaam wanaujua ugonjwa huu. Mchanga haukuoshwa, saruji ilichanganywa kwa maji ya kisima cha chumvi, na juu ya msingi hakikuwekwa kitu cha kuzuia maji yasipande. Masika ikiingia, Machi hadi Mei, ukuta unanyonya maji kutoka ardhini. Maji yanapanda, yanakaukia usoni mwa ukuta, chumvi inabaki na kuganda, na ikiganda inaisukuma rangi nje. Fundi yeyote atakutajia dawa: bandua plasta yote ya chini, piga mpya iliyotiwa dawa ya kuzuia maji, iache ikauke sawasawa, ndipo upake rangi. Fundi yeyote, nimesema. Ndiyo maana dawa hiyo haikutufikia.

Dawa yetu ilitoka kwenye video. Kijana mmoja wa Marekani, kavaa shati jeupe, anapaka ukuta mzima bila kudondosha tone, halafu anatundika rafu kwa kijimsumari alichokigonga mara mbili tu. Nilimweleza mume wangu kwamba nyumba nyingi za wenzetu kwa ndani ni mbao zilizofunikwa kwa bodi za jasi, msumari unaingia bila kuombwa, wakati sisi hapa tumezungukwa na tofali la saruji. "Ukuta ni ukuta," akanijibu. Akaenda kununua rangi ya mafuta, kwa hoja kwamba mafuta na maji havipatani, hivyo maji yakishafika kwenye rangi yataona aibu na kurudi yalikotoka.

Sitaki kumdhulumu, mwanzoni ukuta ulipendeza. Ulimeremeta hata ungeweza kujifungia ushungi mbele yake. Kisha maji yakafika, yakakuta njia imezibwa, na kwa kuwa kurudi hayakurudi, yakajikusanya palepale. Ukuta ukatoa malengelenge. Kwanza yalikuwa madogo, yakaungana, na moja kubwa kuliko yote likaota nyuma ya televisheni. Ukilibonyeza linazama, ukiondoa kidole linarudi taratibu. Watoto wa jirani waliligundua kabla yangu. Wakawa wanapishana mlangoni. "Shikamoo mama!" Unaitikia marahaba, wanaingia, wanakaa kwa adabu karibu na televisheni, na punde unasikia "pu!" na maji ya rangi ya chai yanachuruzika hadi sakafuni. Mtaa mzima haukuwa na watoto wenye kupenda kuamkia wakubwa kuwashinda wale.

Jikoni nako hakukulala. Kashata ya nazi, kwa anayeitazama, ni kazi ya kitoto. Unakuna nazi, unachemsha sukari na maji kidogo, unatia iliki, unamimina nazi, unakoroga mpaka ianze kuachana na sufuria, unaimwaga kwenye sinia lililopakwa samli na kuikata ingali moto. Lakini mambo yote yako kwenye sukari, na sukari haina subira. Ukiiepua mapema haigandi. Ukichelewa kidogo, umetengeneza jiwe. Wanaopika kwa vipimo wanasema sukari ikifika nyuzi joto 115 hivi inaganda laini, na ikikaribia 150 inakuwa ya kuvunjika kwa mlio. Bibi yangu hajapata kuona kipimajoto cha jikoni. Yeye hudondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi na kulifinyanga kwa vidole. Likikubali kuviringika, tayari. Nilimpigia simu aniongoze, na elimu niliyopewa ni hii:

"Povu lake likoje, kubwa au dogo?"

"La wastani, bibi."

"Hamna povu la wastani. Inama, litazame vizuri."

Nikainama.

"Haya, linasemaje?"

"Linasema nini, bibi?"

"Povu, mwanangu! Likilia kwa nguvu, bado lina maji. Likianza kulia taratibu, tia nazi. Likinyamaza, umechelewa."

Salio likaisha hapohapo. Nilipoliangalia povu, lilikuwa kimya.

Kashata ile ilikataa kisu. Ikakataa na kisu cha pili, ambacho ncha yake sasa imepinda. Wakati huo mume wangu alikuwa sebuleni akihangaika na bomba la pazia. Msumari wa zege wa kwanza ulipinda, wa pili ukang'oa plasta ukubwa wa kiganja, wa tatu ukaruka kusikojulikana, na mimi kwa tahadhari nikafunika nazi iliyobaki. Aliposikia ninavyogonga sinia, akaja na nyundo yake. Nyundo ileile iliyoshindwa kuingiza msumari mmoja ukutani ilifanya kazi safi jikoni. Aliivunja yote vipande vya kutosha mdomo, akavipuliza vumbi, akavipanga kwenye kopo la maziwa ya unga na kulifunga kifuniko. Sijamwona akiwa na furaha ya kazi namna ile tangu tuoane.

Safari iliyofuata niliiepua kwa wakati, na kuhusu hiyo silaumiwi na mtu. Ilikata vizuri, vipande vya pembe nne vyenye ncha, nikavifunika kwa kawa. Asubuhi nilikuta vimetoa jasho na kushikana vyote kuwa kitu kimoja chenye kung'aa. Sukari hunywa unyevu wa hewani, na hewa ya Dar wakati wa masika unaweza kuikamua. Mume wangu aliila kwa kijiko na kusema ina ladha nzuri, ingawa mtu aliyewahi kuonja ukuta sijui anaaminika kiasi gani kwa habari za ladha. Nilipomweleza kwamba unyevu uleule unaomharibia sebule ndio unaoniharibia jiko, alifurahi mno. Maana yake, alisema, hakuna mwenye kosa ndani ya nyumba hii. Kosa ni la Bahari ya Hindi.

(Ya ubuyu siyasemi sana. Aliyewahi kupika ubuyu wa Zanzibar anajua ile rangi nyekundu haiishii kwenye ubuyu. Ilituganda viganjani, kwenye kitasa cha mlango, kwenye rimoti, na shemeji yangu aliyepita kusalimia akakataa kukaa, akiuliza kwa sauti ya chini kama tumechinja.)

Kisha simu ikaja kutoka Tanga: mama mkwe na shangazi wa mume wangu wanakuja Jumamosi, kwa basi la asubuhi. Hapo tuliacha kutafuta dawa, tukaanza kutafuta kifuniko. Mume wangu alishuka Kariakoo akarudi na furushi la zile stika za sponji zenye sura ya matofali, unabandua nailoni ya nyuma na kuzigandisha ukutani. Hadi saa nne usiku sebule yetu ilikuwa imejengwa upya kwa matofali meupe, malengelenge yote yako chini yake, hayaonekani. Usiku wa manane tukasikia kitu kinajiburuta sebuleni. Akachukua nyundo, mimi nikachukua tochi. Hakuwa mwizi, lilikuwa tofali la juu ya mlango likishuka lenyewe, polepole, na wenzake wawili wakilifuata. Tukayarudishia kwa gundi ya viatu.

Wageni walifika. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, poleni na safari, tumeshapoa. Shangazi, ambaye Mungu kamjalia mwili, akakaa upande wa ukuta, akaegemea, akapumua. Nikaleta chai ya tangawizi, visheti, na kashata za mpiko wa tatu, ambazo zilikuwa zimeganda upande mmoja. Mama mkwe akamega, akatafuna, akatazama juu kidogo.

"Iliki imekolea," akasema.

Kwa watu wa Tanga, ambao kashata wamezijua kabla ya kuota meno, sifa ya iliki inakwambia kwamba sukari, nazi na mapishi yenyewe vimeachwa kwa heshima. Niliinamisha kichwa nikashukuru. Shangazi hakusema kitu. Alikuwa anahangaika na kisheti.

Ilipoadhiniwa alasiri, shangazi akainuka akatie udhu. Joto la mgongo wake na gundi ya stika vilikuwa vimeshapatana. Aliondoka na matofali. Bamba zima, karibu mita kwa mita, limemganda kwenye baibui kuanzia mabegani hadi kiunoni, naye anatembea kwa staha kuelekea uani bila habari. Umwambieje shangazi wa mume kwamba ameubeba ukuta wako? Mume wangu akainuka akamfuata kwa nyuma, kanyata kanyata, akibandua kona moja moja kwa ncha za vidole, na kila shangazi alipogeuka yeye alijifanya anatazama dari. Walipofika mlango wa uani, bamba likaachia lote kwa mlio mrefu wa kuchanika. Shangazi akamtazama mpwa wake, akalitazama bamba mikononi mwake, akasema tu, "Ahsante, mwanangu," akaenda zake.

Sebuleni nilibaki na mama mkwe, na ule ukuta uliovuliwa nguo. Malengelenge yote yalikuwa hadharani. Aliyatazama kwa muda. Akanywa chai funda moja.

"Mmejitahidi," akasema.

Kabla hajapanda basi la kurudi alikuwa ameshampigia fundi, mtoto wa jirani yake wa zamani, anayekaa Buguruni. Mume wangu humkatalia mtu yeyote duniani isipokuwa mama yake. Fundi alikuja asubuhi na mapema, mtu mzima, mpole, kofia ya kufumwa kichwani. Akapitisha kiganja ukutani, akakwaruza kwa ukucha, akanusa.

"Nani alipaka mafuta hapa?"

Kimya.

"Mpangaji aliyetangulia," mume wangu akajibu.

"Huyo mpangaji hakuwatakia mema."

"Hata kidogo, fundi," akasema mume wangu kwa uchungu kabisa. "Hata kidogo."

Kuitoa rangi ya mafuta kulituchukulia pesa nyingi kuliko ambavyo kuurekebisha ukuta wenyewe kungetugharimu tangu mwanzo. Plasta ikachimbwa mpaka tofali likaonekana, ikapigwa mpya yenye dawa, na fundi akaapa hatapaka kitu mpaka ikauke kabisa. Wiki hizo tuliishi na vyombo vyote vimesogezwa katikati ya sebule, tukila tumeipa televisheni mgongo. Kwa chai ya saa nne, kitafunwa pekee nilichokuwa nacho kilikuwa kwenye kopo la maziwa. Fundi akachukua kipande, akakiweka shavuni, akaendelea na kazi. Adhuhuri kilikuwa bado shavuni.

"Shemeji, hii ndiyo kashata," akaniambia. "Za siku hizi zinakwisha upesi."

Mwishowe akapaka praima, kisha rangi ya maji, kwa sababu, alisema, ukuta nao unahitaji kupumua. Mume wangu alisimama nyuma yake muda wote akitikisa kichwa kukubali, na jirani alipopita kuuliza nani kafanya kazi nzuri hivi, alisema, "Tulisaidiana." Alichosaidia ni kushika ngazi.

Mwezi wa kodi ulipofika, mwenye nyumba alikuja mwenyewe. Safari hii hakuegemea ukuta. Aliusogelea, akaupapasa, akarudi nyuma hatua mbili kuutazama vizuri, uso umemkunjuka.

"Nyumba imependeza, vijana. Imependeza sana." Akakaa, akakunja nne. "Sasa nyumba ya namna hii, na nyinyi ni wasomi, mnaelewa, kodi yake haiwezi kuwa ileile."

Mume wangu alifungua mdomo, akaufunga. Nikaona mshipa wa shingo unamcheza. Nikainuka.

"Karibu chai, mzee. Na kashata, nimetengeneza mwenyewe."

"Ahsante, mwanangu, lakini meno yangu haya ya kuhesabu. Ni laini?"

"Laini kabisa, mzee," nikamwambia, nikaingia jikoni kulitafuta lile kopo.