Kijerumani cha Ukoo Mzima

Waliotengeneza programu za simu za kufundishia lugha walimwazia mwanafunzi mwenye chumba chake, simu yake na kimya chake. Hawajawahi kuishi Kitale nyumba moja na mpwa wa Gredi ya Sita, wala kupanda matatu ya kwenda Bungoma siku ya soko. Zoezi la kuzungumza huanza na ombi la adabu: tafuta mahali patulivu, kisha usogeze maikrofoni. Mahali patulivu kwetu ni chooni, na hata huko mtu atabisha kukuuliza kama umemaliza.

Mambo yenyewe yalianzia mbali. Mei 2023 Kansela Olaf Scholz alikuja Nairobi, na miongoni mwa aliyozungumza na Rais Ruto ni habari ya Wakenya kwenda kufanya kazi Ujerumani. Tarehe 13 Septemba 2024 mkataba ukatiwa saini Berlin. Kabla hata wino haujakauka, wauguzi waliohitimu na kukaa nyumbani wakisubiri ajira walikuwa wanaamkiana “Guten Morgen”. Mimi ni mmoja wao. Muuguzi anayetaka kusajiliwa kule kwa kawaida hudaiwa Kijerumani cha ngazi ya B2. Chini yake kuna B1, halafu A2, na chini kabisa A1, mahali unapojifunza kutaja jina lako na kuomba maji. Karo ya darasa sikuwa nayo. Bando nilikuwa nalo, siku stima ikiwapo ya kuchaji simu.

Programu niliyopakua inakupa mioyo mitano. Ukikosea, moyo mmoja unaondoka. Ikiisha yote, somo linafungwa hadi irudi. Sasa, simu yangu ndiyo simu ya nyumba. Mama anasomea humo ujumbe wa chama, na mpwa wangu amegundua kwamba Kijerumani ni gemu. Huamka kabla yangu na kuichezea mioyo yangu kama mali ya urithi. Asubuhi moja jirani alikuwa mlangoni akiomba chumvi, kijana akapaza sauti kutoka sebuleni: “Anti! Moyo wa mwisho umekwenda!”

Jirani alisahau chumvi. Jioni akina mama wa kanisa walijaa kwetu na Biblia zao, mmoja akinishika kifundo cha mkono kutafuta mapigo, ilhali muuguzi ni mimi. Mama, aliyejua ukweli wote, aliinjika chai na kuwaacha waombe. Baadaye alinieleza kwamba maombi hayarudishwi mlangoni.

Nikadhani safarini nitapata nafasi. Kutoka Kitale hadi Bungoma kwa kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye mtu ana muda wa kutosha, ila hana nafasi ya viwiko. Siku hiyo kiti cha watatu kilikuwa na wanne, gunia la sukuma wiki likiwa wa tano. Programu ikataka nitamke: “Mein Mann trinkt kein Bier.” Nikanong'ona. Ikasema haijasikia. Nikaongeza sauti. Haijasikia. Nikatamka kama mtu anayetoa ushahidi kortini.

“Unaongea na nani, mwanangu?” akauliza mama aliyekaa kando yangu.

“Nasoma Kijerumani, mama.”

“Na hapo umesema nini?”

“Kwamba mume wangu hanywi bia.”

Gari zima likanyamaza. Mama yule akaniinamia kwa heshima mpya: “Huyo mume ana ndugu?”

Ikanibidi nieleze kwamba ni sentensi tu, mume mwenyewe sina.

“Ndiyo maana hanywi,” akasema mzee wa kiti cha nyuma.

Tulipofika Kamukuywa bado nilikuwa nashindana na maikrofoni. Makanga akatoa kichwa dirishani: “Kamukuywa! Kamukuywa kuna wa kushuka?” Simu ikalia kengele ya ushindi, alama ya kijani ikatokea. Programu iliyokikataa Kijerumani changu tangu Kiminini ilikikubali cha makanga mara moja. Abiria wakampigia makofi. Yeye akataka kujua Wajerumani wanalipa makanga pesa ngapi, na kama ni kwa siku au kwa trip.

Bungoma ninakwenda kwa kukhu, nyanya yangu, ambaye ana simu ya kabambe na maoni kuhusu kila kitu. Alikuwa anapukuchua mahindi huku akinisikiliza ninavyokariri der Tisch, der Tisch. Akauliza hiyo der ni ya nini. Nikamweleza kwamba kwa Wajerumani kila kitu kina jinsia, na meza ni mwanamume.

Kukhu akaweka gunzi chini. “Mwanamume wa rika gani? Maina au Nyange?”

Swali lilikuwa la haki. Kwa Wabukusu mwanamume hujulikana kwa rika la tohara yake, na msimu wenyewe huja Agosti ya kila mwaka wa shufwa, kengele za chinyimba zikilia barabarani kutwa. Ilibidi nikiri kwa niaba ya Ujerumani kwamba meza yao haijatahiriwa.

“Basi ni kijana tu,” akahukumu. “Isikae na wazee.”

Nikaona nimalize yote kwa siku moja. Nikamwambia kwamba msichana, das Mädchen, kwao si wa kike wala wa kiume. Alinitazama muda mrefu. “Na huko ndiko unakotaka kwenda kuolewa?” Mimi nilikuwa nimesema kazi. Kuolewa alikuleta yeye.

Aliyefaidi kwa kukhu ni binamu yangu. Alisomea Kitale, mji wa makabila mengi, na huko alichekwa miaka yote kwa sababu d zake hutoka t na b zake hutoka p, kama ulimi wa Lubukusu ulivyomlea. Kumbe mwisho wa neno Wajerumani nao hufanya hivyohivyo. Mbwa wao huandikwa Hund na kutamkwa “hunt”. Rangi ya manjano ni gelb na husikika “gelp”. Binamu aliposoma “Hund” kama alivyozaliwa kusoma, programu ilimwagia nyota. Akadai aandikiwe barua awapelekee walimu wake wa zamani. Furaha ilipungua kidogo tulipofika mwanzo wa neno, ambako msamaha huo haupo: alipotaka kusema Danke, kushukuru, akasema Tanke, kwa masikio ya Mjerumani mtu anayejaza mafuta kwenye gari.

Kisha akafariki mzee wa ukoo. Mazishi yakapita, ikaja siku ya kumuse, ambapo mzee mwenye kipaji hicho husimama mbele ya watu, akatembea huku na huku akisimulia asili ya koo na kuonya walio hai. Maneno yake hayaingiliwi. Hata watoto wanalijua hilo, ila mpwa wangu, aliyekuwa nyuma ya akina mama na simu yangu chini ya leso. Mzee alipotua kuvuta pumzi, sauti ya mwanamke ikapasuka kwa nguvu zote:

“Wo ist der Großvater?”

Vichwa vyote vikageuka. Mzee akaielekeza fimbo yake kwetu. “Huyo anasemaje?”

Hakuna aliyejibu. Macho yakanijia mimi, msomi wa ukoo. Nikasimama. “Anauliza babu yuko wapi.”

Mzee akafikiri. “Mwambieni alizikwa juzi,” akasema, “amechelewa.” Akaendelea na koo zake.

Niliposafiri kwenda Nairobi kufanya mtihani wa A1 kwenye Goethe-Institut, nilikuta sehemu ya kuzungumza haifanywi na mtu mmoja. Mnaketi kikundi, mnachota kadi, mnaulizana na kujibizana ninyi kwa ninyi mbele ya watahini. Wenzangu waliojifunza wakiwa na chumba chao, simu yao na kimya chao walitetemeka vikombe vya maji mkononi. Mimi nilimwona kila aliyekaa pale ni abiria tu. Hakuna mtahini mwenye fimbo, na hakuna aliyeniuliza meza ni ya rika gani.

Nilipita. Programu imenipongeza kwa bidii yangu binafsi na kunipandisha ligi, bila kujua kwamba pointi nyingine ni za makanga. Nyumbani wanalijua hilo vizuri zaidi. Mama ameshatangaza kwenye chama kwamba “tumepita”, binamu anangoja B1 yenye maneno mengi ya kuishia na d, na mpwa wangu ameuliza, uso mkavu, kama Ujerumani wanachukua wauguzi wa Gredi ya Sita.