Sifa Zinazostahili Dirisha Dogo

Katika taasisi zote za soka la Tanzania, hakuna iliyolaumiwa na wengi na kutetewa na wachache kama dirisha dogo la usajili, yaani kile kipindi cha katikati ya msimu ambacho klabu huruhusiwa kuongeza, kuacha, kuuza na kukopeshana wachezaji, na ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikifunguliwa katikati ya Desemba na kufungwa katikati ya Januari, saa 5:59 usiku, wakati watu wenye akili timamu wamelala na viongozi wa klabu wanahangaika kutafuta mtandao. Makocha hulilaumu kwa kuwaharibia timu, wahasibu kwa kuwaharibia vitabu, mashabiki kwa kuwaharibia usingizi. Lawama zote hizo ni za kweli, na ndiyo sababu taasisi hii inahitaji msifu, kwa kuwa jambo lenye manufaa ya wazi hujisifu lenyewe. Wa kwanza kutoa shukrani wangepaswa kuwa wakazi wa Ruangwa na Nachingwea, wilaya mbili jirani za Mkoa wa Lindi, ambao tangu Namungo FC ya Ruangwa ipande Ligi Kuu kwa msimu wa 2019/20 wamelionja dirisha hilo kwa ulimi wao wenyewe.

Sifa yake ya kwanza ni kusema kweli. Mwezi Agosti kila kiongozi hutangaza kwamba kikosi kimekamilika na kwamba mapungufu ya msimu uliopita yamefanyiwa kazi; ikifika Desemba, dirisha dogo humlazimisha kiongozi yuleyule, kwa kinywa kilekile, kukiri kwamba timu haina mshambuliaji. Kanuni za Tanzania haziwekei klabu ukomo wa mishahara, bali ukomo wa vichwa: wachezaji wa kigeni wasizidi 12. Klabu kubwa ya Dar es Salaam iliyokwisha kuzijaza nafasi hizo, kisha ikamtamani wa 13, hulazimika kumtafuta miongoni mwa wale 12 mmoja ambaye kiwango chake kimeshuka ghafla, na aghalabu hushuka wiki ileile ambayo wakala wa yule wa 13 ameonekana hotelini. Huyo hupewa kile ambacho mitandaoni huitwa “thank you”, yaani picha nzuri yenye maneno machache ya kuagana. Na kama mkataba wake bado una mwaka mzima, hulipwa fidia au hutolewa kwa mkopo, ambao ni utaratibu wa kumtumikia mwingine huku ukiwa bado mali ya yule wa kwanza. Hapo ndipo ukarimu wa dirisha dogo unapofika mikoani, kwa kuwa klabu isiyomudu mshahara wa mchezaji wa aina hiyo humpata huku mwenye mali akiendelea kuulipa, wote au sehemu yake, kwa sharti dogo ambalo ni la kawaida katika makubaliano ya namna hii: asicheze siku mwenye mali atakapokuja uwanjani.

Wapo wanaodhani kwamba mambo haya ni ya ushamba, na kwamba kwenye nchi tajiri hesabu huwa safi zaidi. Ligi ya mpira wa magongo wa barafuni ya Marekani na Kanada, NHL, ilifuta msimu mzima wa 2004/05 kwa sababu ya mgogoro wa mishahara, ikarejea mwaka 2005 na ukomo wa dola milioni 39 kwa kila timu, kiwango ambacho kwa msimu wa 2025/26 kimefika dola milioni 95.5. Tangu hapo, siku zinazotangulia tarehe ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, ambayo kwa kawaida huangukia Februari au Machi, zimekuwa siku za wahasibu kuliko za makocha, kwa kuwa timu yenye majeruhi wa muda mrefu huruhusiwa kuuvuka ukomo ili kuziba pengo lake. Tampa Bay Lightning ilikaa msimu wote wa kawaida wa 2020/21 bila nyota wake Nikita Kucherov, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga, ikamrejesha zilipoanza mechi za mtoano, ambako ukomo haukuwa ukihesabiwa, na ikatwaa ubingwa kwa kikosi kilichouzidi ukomo huo kwa takriban dola milioni 18. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Kwa kulinganisha, udanganyifu wa dirisha dogo la Tanzania ni wa kitoto, na utoto nao ni fadhila.

Hata hivyo, uzuri kamili wa taasisi hii hauonekani Dar es Salaam. Huonekana Ruangwa na Nachingwea, kwa sababu huko dirisha hufunguliwa wakati msimu wa korosho unaelekea ukingoni, na mkazi wa huko anacho cha kulinganisha nacho. Korosho ya wilaya hizi haiondoki kiholela. Mkulima huipeleka kwenye chama chake cha msingi cha ushirika, AMCOS, ambako hupimwa na kupangwa daraja. Kisha hupelekwa ghala kuu chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa zao hilo msimu wa 2007/08, ambao unaiacha mali ikiwa ya mkulima hadi mnunuzi apatikane. Halafu RUNALI, chama kikuu kinachoziunganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huitisha mnada, wanunuzi wakashindana bei, na wakulima wakiiona bei haifai wakaikataa. Mwaka 2018, bei za wanunuzi zilipokataliwa, Serikali iliamua kuinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulikabidhi jeshi kazi ya kuisomba. Beki wa kushoto hajapata kuheshimiwa kiasi hicho, na dirisha dogo, kwa busara yake, halimchoshi kwa mizani wala kwa mnada: simu hupigwa jioni, na keshokutwa yake anatambulishwa kwa jezi nyingine.

Hata kangomba, biashara ya kununua korosho kwa mkulima mwenye shida, kwa bei ya kutupa na nje ya mfumo wa ghala, ambayo viongozi wa mkoa hawachoki kuipiga vita, kwa mchezaji imepewa baraka. Kanuni za FIFA humruhusu mchezaji aliyebakiza miezi 6 au pungufu kwenye mkataba wake kusaini mkataba wa awali na klabu nyingine, ili muda ukiisha aondoke bila klabu yake kulipwa ada yoyote ya uhamisho. Mkataba unaokwisha mwishoni mwa Juni huingia katika miezi hiyo pindi mwaka mpya unapoanza, dirisha likiwa bado wazi, na hivyo klabu ndogo hupata fursa adhimu ya kuchagua kati ya kumuuza mtu wake leo kwa bei ya mnunuzi na kumtoa bure baada ya muda mfupi. Mkulima wa Nachingwea, ambaye anaruhusiwa kukataa, hajui anachokikosa.

Namungo yenyewe imejifunza kwamba mafanikio ndiyo bango bora la kuwaita wanunuzi. Tarehe 2 Agosti 2020 ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mjini Sumbawanga na kufungwa na Simba mabao 2-1. Na kwa kuwa Simba ilikuwa bingwa wa ligi pia na ilikwenda Ligi ya Mabingwa, nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika iliangukia Ruangwa. Klabu ya mji ambao watu wengi walikuwa wakiusikia kwa jina la mbunge wake wa wakati huo, aliyekuwa Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, ambaye uwanja wa huko pia unaitwa kwa jina lake, ilifika hatua ya makundi pamoja na Raja Casablanca ya Morocco, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia, ikicheza mechi zake za nyumbani Dar es Salaam. Huko wachezaji wake hawakuonekana na mashabiki wa Ruangwa, lakini mawakala waliwaona vizuri sana.

Watetezi wa haki husema kwamba anayepanda si anayevuna, lakini dirisha dogo lina namna yake ya kugawa mavuno. Saido Ntibazonkiza aliuanza msimu wa 2022/23 akiwa na Geita Gold, akahamia Simba katika dirisha dogo, na mwisho wa msimu akamaliza kinara wa mabao sawa na Fiston Mayele wa Yanga, kila mmoja akiwa na 17. Mabao aliyoifungia Geita yalihama naye kwenye hesabu ya mfungaji bora. Pengo lilibaki Geita.

Nachingwea, kwa upande wake, ina ujuzi wa zamani wa usajili wa pupa. Kuanzia mwaka 1947 Serikali ya Uingereza iliichukua ardhi yake kwa mradi wa karanga bila majaribio ya kutosha ya udongo na mvua, ikajenga reli kutoka pwani, na mwaka 1951 ikaufuta mradi huo kwa hasara ya takriban pauni milioni 36. Reli ikang'olewa baada ya uhuru. Dirisha dogo halina uwezo wa kufanya kosa kubwa kiasi hicho, kwa kuwa mshambuliaji asiyefunga huondoka Juni na hahitaji kung'olewa.

Linasalia jambo ambalo hata msifu hawezi kulificha. FIFA imeweka mgao wa mshikamano, ambao ni asilimia 5 ya ada ya uhamisho, ugawiwe klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23 pale anapouzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha. Anayeondoka huru hana ada, na palipo sifuri asilimia 5 ni sifuri, kwa klabu ya Ruangwa na kwa timu ya watoto ya Nachingwea vilevile. Basi wanaolipenda dirisha dogo kwa dhati na waongeze mikataba ya wachezaji wao kabla ya Desemba, na walimu wa timu za vijana za wilaya hizi mbili wawasajili watoto rasmi tangu wakiwa na miaka 12, kwa sababu mgao huo hudaiwa kwa kumbukumbu za usajili.