Mweka Hazina wa Mbinguni

Mwaka 1933 mwanaastronomia Fritz Zwicky alichunguza mwendo wa galaksi za kundi la Coma, akakuta zinakimbia kupita kiasi. Kwa uzito wa vile vinavyoonekana, kundi lile lingekuwa limeshasambaratika zamani. Basi akasema ipo maada ya giza. Hesabu imegoma? Andika "mengineyo".

Sasa mweka hazina wa chama cha kuzikana na asimame na taarifa kama ile ya ulimwengu: asilimia 5 ina stakabadhi, 27 ni maada ya giza, 68 nishati ya giza, nayo haijulikani ni nini. Asingemaliza kusoma ukurasa wa kwanza. Wenzake wa mbinguni, wao huongezewa bajeti.

Tusiwapunje lakini; kutafuta wametafuta. Huko Lead, South Dakota, ndani ya mgodi wa dhahabu uliofungwa, mita 1,500 hivi chini ya ardhi, wameweka tani 10 za zenoni ya kimiminika, wakingoja chembe moja tu ya maada ya giza igonge atomi. Mpaka leo, kimya. Na kila kimya kinapozidi, tunaambiwa kifaa kijacho kitakuwa kikubwa zaidi.

Mwanafizikia Mordehai Milgrom ndiye aliyethubutu, mwaka 1983, kuuliza kama si kanuni yenyewe ya uvutano inayohitaji kurekebishwa. Kwa galaksi mojamoja, hesabu zake zinatoka vizuri ajabu. Zikifika kwenye makundi ya galaksi, kama lile la Zwicky, zinapelea. Na hapo baadhi ya wafuasi wake huomba waazimwe maada ya giza. Kidogo tu.