Mlamba Noti

Tangu Jumapili asubuhi watoto wa mtaani kwangu hapa Tukuyu wananiita Mlamba Noti. Jana nilimpa mama muuza maparachichi elfu mbili, akaishika kwa ncha za vidole, akaigeuza huku na huku, kisha akauliza kwa upole, "Hii kavu, baba?" Ipo video. Ina sekunde 14 na imeshavuka Uyole. Heri nisimulie mwenyewe kabla haijafika Tunduma.

Jumamosi usiku bendi ya wazee kutoka Dar es Salaam, ambayo jina lake nalihifadhi kwa kuwa haina kosa, ilipiga dansi katika uwanja wetu wa mpira kuadhimisha miaka yake 40. Gari la matangazo lilizunguka wiki nzima likinadi "ziara ya viwanjani". Mambo ya viwanjani hatufundishwi: huu ndio mji wa Tukuyu Stars, mabingwa wa Bara mwaka 1986. Ila mpira huchezwa mvuani, gitaa la umeme halipigwi mvuani. Jukwaa likafunikwa turubai, turubai likajaa maji, likaning'inia juu ya mpiga dramu kama kiwele cha ng'ombe aliyesahauliwa kukamuliwa.

Sasa nieleze namna noti inavyokaa kwenye paji la uso, maana jambo hilo nimelitafakari siku tatu bila kupumzika.

Ufundi wa kumtunza mwanamuziki ulikomaa Dar es Salaam, kwenye kumbi walikotunishiana misuli Msondo na Sikinde. Msondo ndiyo ile NUTA Jazz iliyozaliwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, kila chama kilipobadili jina nayo ikabadili. Sikinde, yaani Mlimani Park, ilianza mwaka 1978. Wimbo wao hauna haraka. Kwanza mwimbaji anakusimulia kisa chote, nani kamwacha nani na mashemeji wamesema nini. Akishamaliza anasogea pembeni, na hapo wimbo unachemka: gitaa la solo linakimbia, rithimu inalifuata nyuma, besi inawakanya wote wawili, tumba zinapamba moto, midomo ya bata inaingia kwa pamoja. Hapo ndipo shabiki huinuka na noti yake.

Kwa nini ibandikwe usoni na asipewe mkononi? Kwa sababu mpiga gitaa mikono yote miwili iko kazini. Paji la uso ndilo kaunta pekee iliyo wazi saa hiyo. Na gundi ni jasho. Kwa joto la Dar es Salaam, mpiga solo akifika kwenye chemko ameshalowa, noti inanasa yenyewe. Tena noti mpya haifai, ni ngumu, inabanduka. Inayofaa ni ile kuukuu iliyokwishalegea kwa kupita sokoni. Unaibandika kwa kiganja, unahesabu moja, mbili, unarudi kinyumenyume huku unacheza.

Basi ulete ufundi huo Tukuyu, mwezi Julai. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukungu unaingia hata ndani ya mfuko wa shati. Marehemu Mbaraka Mwinshehe alipotoka Morogoro Jazz alianzisha Super Volcano, na mtindo wake akauita Masika. Sisi vyote viwili tunavyo bila bendi: mlima Rungwe ni volkano, na masika yetu hayana tarehe ya kuisha.

Baridi hiyo inaleta na ugomvi wa kitaalamu. Nyuzi za chuma zikipoa hukaza, sauti ya gitaa ikapanda. Tarumbeta kinyume chake: hewa ya ndani ikipoa, sauti inakwenda polepole zaidi, tarumbeta ikashuka. Kwa hiyo kila wimbo ulianza gitaa na tarumbeta wakiwa pamoja na ukaisha kama wanandoa mbele ya baraza la usuluhishi. Mpiga tarumbeta alikuwa akikipulizia chombo chake kati ya nyimbo kama anayewasha mkaa mbichi. Na katika wazee wote wale, hakuna aliyekuwa na tone la jasho.

Hilo mimi sikuliwaza. Nilikuwa nimemwambia baba mkwe, mzee wa kanisa Moravian, aliyekaa chini ya mwavuli mstari wa mbele, kwamba mpiga solo yule namfahamu tangu nilipokuwa Dar. Chemko lilipoanza nikainuka na noti ya elfu kumi. Taa zilikuwa hafifu, jenereta ilikuwa ikikohoa. Nikamwona: koti la sare ya bendi, kofia, kichwa kimeinama kwa hisia, mikono yote miwili kazini. Nikabandika. Ikadondoka. Nikaiokota matopeni, nikaifuta kwenye suruali, nikabandika tena. Ikadondoka. Nyuma yangu watu walianza kuhesabu. Wakati huohuo kijana mmoja akawasha taa ya simu ili arekodi vizuri.

Nikailamba. Sikugusa kwa ncha ya ulimi, la. Niliilamba mbele na nyuma kama stempu ya posta, nikampiga nayo pajini kwa kiganja kizima.

Yule bwana alishtuka, akaachia alichokuwa ameshika. Alichokuwa ameshika ni nyaya mbili. Alikuwa fundi wa jenereta, koti alipewa kwa ajili ya baridi, na hizo nyaya alizokuwa amezikutanisha ndizo zilizokuwa zikibeba bendi nzima. Uwanja ukawa giza, ukawa kimya. Ndani ya kimya kile sauti ya baba mkwe ilisikika hadi goli la pili: "Mwanangu, umeilamba?"

Mpiga solo mwenyewe alikuwa hatua tatu pembeni, mzee mwembamba mwenye taulo shingoni, akinitazama kama mtu aliyekwishaona mengi.

Kiatu changu cha kushoto kilibaki uwanjani. Bodaboda iliteleza, tukaanguka polepole. Jumapili kwaya ilinisogezea nafasi kubwa kuliko kawaida.

Asubuhi hiyo, kabla ya ibada, niliwakuta wazee stendi wakisubiri Kosta ya Mbeya. Mwandaaji alikuwa ameondoka usiku na kiingilio. Fundi wa jenereta alikataa kurudisha noti, akasema kilichotunzwa hakirudi, na ndiyo desturi, sina la kumjibu. Hapo kicheko kilinitoka moyoni. Elfu kumi ile ndiyo fedha pekee ya usiku mzima ambayo ingemfikia yule mzee bila kupita mkono wa mtu mwingine, nami nilimbandikia mwenye jenereta.

Rolling Stones walianza mwaka 1962, miaka miwili tu kabla ya NUTA Jazz. Mwaka 2022, walipotimiza miaka 60, walizunguka viwanja vya Ulaya, na hakuna aliyewaambia wavae taulo wasubiri basi. Wetu walirekodi Radio Tanzania vibao ambavyo hadi leo redio zinavipiga na sisi tunavifulia nguo kila Jumapili. Sheria ya hakimiliki inayotambua stahili zao tunayo tangu mwaka 1999. Badala ya stahili tumewapa jina: zilipendwa. Lisikilize vizuri neno hilo. Zilipendwa, wakati uliopita, kana kwamba mapenzi yamekwisha na deni limefutika. Kama zilipendwa tu, mbona uwanjani tulikuwa tunaimba nao neno kwa neno?

Nilimpa mzee elfu kumi nyingine, safari hii mkononi. Akashukuru, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya mfuko wa gitaa, akaniuliza Kosta inajaa saa ngapi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, bendi ya wazee ikija wilayani kwako, nenda. Getini uliza kiingilio kinakwenda kwa nani, na usione haya kuuliza mara mbili. Ukitaka kumtunza mpiga gitaa, subiri wimbo uishe, hakikisha ana gitaa, umpe mkononi.